Yoyo ya Metali Mbili: Mwenye Mfuko Mdogo Achague Vipi?

MTU mzima akionekana kando ya barabara akichezesha yoyo, watu wa mtaani husema mojawapo ya mambo mawili: ama amekosa kazi, ama amekosa akili. Kijana akishinda uwanjani akifukuza mpira tangu adhuhuri hadi magharibi tunamwita mchezaji, na akirudi nyumbani goti limechunika tunampa pole na maji ya moto. Lakini huyu wa yoyo hana wa kumtetea.

Leo mimi namtetea. Hapa Eastlands, kuanzia Shauri Moyo na Kaloleni hadi Jericho, Umoja na Dandora, mtoto hukua akichezea vitu vinavyozunguka, na wengi wetu hatukununuliwa hata kimoja. Sasa nimekutana na vijana wachache ambao wameuchukua mchezo wa yoyo kwa moyo wote. Wanaweka akiba shilingi kwa shilingi ili wanunue ile aina inayosifiwa sana siku hizi, yaani yoyo ya metali mbili. Swali lao ni moja tu: yenye bei nafuu yaweza kuwa nzuri? Jibu langu ni kwamba yaweza, mradi mnunuzi ajue analipia kitu gani.

PIA NI NDUGU MKUBWA

Kabla ya yoyo palikuwa na pia. Huu ni mchezo wa zamani katika mwambao wetu na hata bara. Kipande cha mti huchongwa kikawa kinene juu na chembamba chini, kikazungushiwa kamba, kikarushwa chini kwa nguvu. Pia nzuri ilijulikana kwa jambo moja. Ilisimama wima, ikazunguka kimya kana kwamba imelala, na wenzake wakabaki kuhesabu. Pia mbaya iliyumba kama mlevi wa mwisho wa mwezi, ikaanguka upande.

Watoto wa mitaani mwetu walikuwa pia na kizibo cha soda kilichogongwa kwa jiwe kikawa bapa, kikatobolewa matundu mawili na kupitishwa uzi. Ukivuta na kulegeza, kizibo kilizunguka kikavuma kama nyuki. Kisha palikuwa na mkokoteni wa mbao wenye beringi kuukuu zilizookotwa gereji. Mtoto aliyewahi kuteremka mteremko juu ya mkokoteni ule hahitaji kufundishwa kazi ya beringi. Anajua iliyojaa mchanga huburuta, na iliyosafishwa kwa mafuta ya taa humpeleka mbali kuliko alivyotaka.

Yoyo za plastiki zenye nembo za vinywaji nazo zilipita mitaani kama nzige, zikashika kila mkono, zikatoweka. Wengi wetu tulidhani mchezo uliishia hapo. Kumbe kwingineko ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kukua.

SAFARI YA KITU KIDOGO

Yoyo si jambo la jana. Katika makumbusho ya mjini Berlin kuna chombo cha udongo cha Wayunani wa kale, cha karne ya 5 kabla ya Kristo, kilichochorwa kijana akichezesha kitu kama hiki. Lakini yoyo ya kisasa imetoka Ufilipino. Wafilipino hawakuufunga uzi kwenye mhimili, bali waliuzungusha kama kitanzi. Jambo hilo dogo lilibadili kila kitu. Uzi ukifungwa, yoyo hushuka na kupanda basi. Uzi ukiwa kitanzi, yoyo hufika chini ikabaki inazunguka palepale, yaani inalala kama pia, nawe unapata nafasi ya kufanya ufundi.

Mfilipino Pedro Flores ndiye aliyeanzisha kiwanda cha yoyo huko California, Marekani, mwaka 1928. Mfanyabiashara Donald Duncan akainunua biashara ile muda si mrefu baadaye, akalifanya jina la yoyo kuwa lake. Mwaka 1965 mahakama ya Marekani iliamua kwamba neno lile lilikwisha kuwa la watu wote. Mwezi wa Aprili 1985 yoyo ilipanda hata angani katika chombo cha Discovery. Wanaanga waliona kwamba inakwenda na kurudi vizuri, lakini haikubali kulala, maana huko hakuna uzito wa kuivuta ibaki mwisho wa uzi.

Hatua kubwa kwa wachezaji ilikuja wakati beringi ilipoingia ndani ya yoyo. Mwaka 1990 daktari wa meno wa San Francisco, Tom Kuhn, alitoa yoyo ya alumini yenye beringi ya gololi. Tangu hapo usingizi wa yoyo uliacha kuhesabiwa kwa sekunde, ukahesabiwa kwa dakika.

Yoyo nyingi za leo za kushindania hazirudi hata ukivuta uzi kwa nguvu. Zimetengenezwa hivyo makusudi ili uzi uingie na kutoka bila kunaswa. Mchezaji akitaka irudi huukunja uzi na kuuingiza kwenye nafasi ya katikati, uzi ukajibana, yoyo ikapanda mkononi. Namwambia jambo hili mnunuzi mapema kwa sababu wapo waliolipa fedha nyingi, wakairusha mara moja, ikakataa kurudi, wakadhani wameuziwa kibovu.

UZITO UKAE WAPI?

Sasa tuje kwenye metali mbili. Hebu litazame gurudumu la cherehani ya kukanyaga kwa mguu. Katikati lina vijiti vyembamba, lakini ukingoni limejaa chuma kizito. Fundi akiacha kukanyaga, gurudumu huendelea kuzunguka. Aliyelitengeneza hakuwa mjinga. Alijua kwamba uzito ulio mbali na katikati hushikilia mzunguko kuliko uzito ulio karibu.

Tena hesabu yake si ya kuongeza tu. Umbali ukizidishwa mara 2, nguvu ya kushikilia mzunguko huzidi mara 4. Gramu moja iliyokaa milimita 26 kutoka katikati hufanya kazi ya gramu nne zilizokaa milimita 13. Ndiyo maana yoyo mbili zaweza kuwa na uzito sawa kabisa kwenye mizani, lakini moja ikalala muda mrefu bila kuyumba, na nyingine ikachoka mapema.

Yoyo ya kisasa ya mchezo huu huwa na uzito wa gramu 62 hadi 68 hivi, na upana wa uso wake ni kama milimita 54 hadi 58. Ikizidi sana huumiza kidole na kuuchosha mkono. Ikipungua sana haina msukumo. Basi fundi amefungwa na mipaka hiyo. Hawezi kuongeza uzito ovyo, ila aweza kuuhamisha. Alumini ni nyepesi, nacho chuma kina uzito unaokaribia mara 3 ya alumini ya ukubwa uleule. Hivyo fundi hulijenga tumbo la yoyo kwa alumini, akalikonda, kisha akavika pete ya chuma kisichoshika kutu kwenye ukingo wa kila upande. Wengine hutumia shaba. Hiyo ndiyo siri yote ya metali mbili: uzito umeondolewa mahali usipofaa kitu, ukapelekwa mahali unapofanya kazi.

SOMO TULILONALO JIKONI

Mambo haya yasimtishe mtu wa Eastlands, kwa maana tunayajua kutoka jikoni. Mapema katika miaka ya 1980 mafundi wetu wa jua kali walianza kutengeneza jiko la makaa lenye bati nje na udongo uliochomwa ndani. Walisaidiwa na Wizara ya Nishati na mashirika kama KENGO, na mfano wake ulitoka Thailand. Bati hushikilia umbo na kubeba sufuria. Udongo hushika joto lisipotee. Likatumia makaa machache kuliko jiko la bati tupu, na leo limezoeleka mpaka hatukumbuki kwamba lilikuwa jambo geni.

Lakini muulize mama yeyote aliyewahi kununua jiko kwa pupa. Atakwambia udongo ukiwa haukushikana sawasawa na bati, hutikisika, hupasuka, na baada ya miezi michache jiko huwa takataka. Vitu viwili vilivyounganishwa vibaya ni hasara kuliko kimoja kilichotengenezwa vizuri.

Yoyo ndiyo hivyo hivyo. Pete ya chuma iliyokaa sawa ni faida. Pete iliyokaa upande kwa unene wa unywele inaleta mtikisiko, kwa sababu uzito ule uliopelekwa mbali ili usaidie sasa unapiga kelele hukohuko mbali. Kwa hiyo mtu asinunue neno "metali mbili". Anunue kazi ya kuziunganisha.

TUSEME BEI

Nitatumia hesabu ya dola moja kwa takriban shilingi 130 za Kenya. Yoyo nzuri ya plastiki yenye beringi hupatikana kwa kawaida kwa dola 10 hadi 20, yaani shilingi 1,300 hadi 2,600. Ya alumini tupu ni kama dola 20 hadi 50. Ya metali mbili iliyo nafuu huanzia dola 40 au 50, na zenye majina makubwa hupita dola 100, ambazo ni shilingi 13,000. Hapo hujaweka nauli ya kuisafirisha, wala ushuru wa forodha, wala kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Kwa kijana anayelipa kodi ya chumba kimoja Kayole, fedha hizo si mchezo hata kama kinachonunuliwa ni cha mchezo.

Kwa sababu hiyo nasema hivi bila kuficha. Anayeanza asiiguse metali mbili. Atumie ya plastiki yenye beringi, ajifunze kurusha wima, kukamata na kuufunga uzi. Katika miezi hiyo yoyo itaanguka kwenye saruji mara nyingi, na plastiki haina cha kupoteza. Alumini ikigonga saruji huota kidonda chenye makali kinachokata uzi.

Wala asidhani kwamba bila metali mbili hawezi kufika popote. Mwaka 2014, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Prague, kijana Mmarekani Gentry Stein alitwaa ubingwa kwa yoyo iitwayo Shutter. Ilikuwa ya alumini tupu na bei yake ilikuwa kama dola 45. Waliomzunguka walikuwa na vyombo vya bei kubwa kuliko chake. Ngoma nzuri kwa mpigaji.

Basi metali mbili ni ya nani? Ni ya yule ambaye mkono wake umekwisha kuipita yoyo aliyo nayo. Anafanya mafundo marefu ya uzi, na katikati ya ufundi yoyo inachoka au inaanza kugeuka upande. Huyo akipata uzito wa ukingoni ataona tofauti siku ileile. Mwingine ataona tofauti mfukoni tu.

SHILINGI ELFU NANE

Nina mpwa wangu anayekaa Umoja na kusoma chuo cha ufundi. Ameichezea yoyo ya plastiki miaka miwili, mpaka kingo zake zimekuwa nyeupe kwa mikwaruzo. Likizo iliyopita alibeba marobota Gikomba, akaweka akiba shilingi 8,000. Mama yake, ambaye ni dada yangu, alipopata habari kwamba fedha zile zitanunua yoyo alinipigia simu kwa sauti ambayo sikuisikia tangu tulipokuwa watoto. "Wewe ni mjomba wake," aliniambia, "mwambie viatu vyake vimetoboka." Sikuwa na jibu la haraka, maana viatu kweli vilikuwa vimetoboka.

Nikamwendea kijana. Akaniambia, "Mjomba, viatu nitanunua mtumba kwa mia saba. Fedha hizi nimezibeba kwa mgongo. Nisaidie tu nisidanganywe." Nikaona amesema neno la mtu mzima. Tukakubaliana kwamba viatu vinunuliwe kwanza, naye akavinunua jioni ileile.

Wauzaji walikuwa wawili, wote wachezaji waliotaka kubadilisha vyombo vyao. Mmoja aliomba shilingi 7,500 kwa yoyo yenye rangi za kung'aa kama mbawa za tausi, ikiwa ndani ya kisanduku chake. Wa pili aliomba shilingi 5,500 kwa nyingine isiyo na rangi yoyote, alumini yake imefifia, tena ina alama moja ndogo ya kuangushwa. Zote zilikuwa za metali mbili. Tulikaa nazo mezani, na kijana akazipima hivi.

Kwanza alipitisha ukucha mahali chuma kinapokutana na alumini, akazunguka duara lote polepole. Kwenye ile ya rangi ukucha ulikwama mahali pamoja. Palikuwa na ufa mwembamba ambao jicho halikuuona. Kwenye ile iliyofifia ukucha ulipita kama juu ya kioo.

Pili alizigonga kwa kidole akazisikiliza. Pete iliyoshika hutoa sauti moja safi. Iliyolegea hutoa mlio wa kukwaruza, kama kifuniko cha sufuria kisichokaa.

Tatu alizirusha. Yoyo ilipolala chini aliusogeza ukucha ukagusa ubavu wake kidogo sana. Ikiwa imetulia, ukucha husikia kama kuguswa na hariri. Ikiwa ina mtikisiko, ukucha hupigwa mfululizo. Ile ya rangi ilipiga. Lakini kijana hakuihukumu hapohapo, na nilimpenda kwa hilo. Aliifungua, akabadilisha beringi, akaukaza tena mhimili, akairusha mara ya pili. Wakati mwingine kosa huwa ni beringi chakavu au mhimili uliopinda, navyo hubadilishwa kwa fedha kidogo. Safari hii ilipiga vilevile. Basi kosa lilikuwa kwenye mwili wenyewe.

Nne alitazama meno ya skrubu ndani ya alumini. Alumini ni laini. Mtu akikaza kwa nguvu za kufunga gurudumu la matatu, meno hukatika na yoyo imekwisha. Hapa zote mbili zilikuwa salama.

Tano alipima beringi. Kipimo kinachotumiwa na watengenezaji wengi kina tundu la milimita 6.35, upana wa nje wa milimita 12.7 na unene wa milimita 4.76. Yoyo yenye kipimo hicho haitakosa beringi ya akiba. Yenye kipimo cha peke yake itakufanya mtumwa wa aliyekuuzia. Akatazama pia vile vipande vya mpira wa silikoni vinavyoushika uzi wakati wa kurudi, kama vyaweza kubanduliwa na kubadilishwa.

Baada ya haya yote alinunua ile iliyofifia. Yule wa kwanza alicheka akasema kijana amependa vitu vya wazee. Mpwa wangu hakumjibu. Alinunua nyuzi na beringi ya akiba kwa sehemu ya fedha zilizosalia, kisha akamtumia mama yake shilingi 500 za mboga. Dada yangu hakunipigia tena simu ya makelele, ingawa nadhani mpaka leo haamini.

JE, SISI HATUWEZI KUITENGENEZA?

Jambo moja lilibaki likinisumbua. Alumini tunayo, chuma tunacho, na mafundi tunao. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani juu ya Kenya iliufungua ulimwengu macho kuhusu watu hawa wanaojiajiri bila ofisi wala barua. Mwezi wa Novemba 1985 Rais Moi alifika kwa mafundi wa Kamukunji, akaagiza wajengewe vibanda, wakati ambapo walifanya kazi juani kwelikweli. Je, watu waliogonga majiko, masanduku na mikokoteni watashindwa na yoyo?

Nyundo za Kamukunji haziwezi kazi hii, inataka kerezo. Nikachukua basi hadi karakana za Kariobangi, nikiwa na yoyo ya mpwa wangu mfukoni. Huko kuna mafundi wanaokereza mihimili ya mashine na wengine wanaoyeyusha alumini chakavu wakatengeneza sufuria. Fundi mmoja aliipokea, akaigeuza kwenye mwanga, akaipuliza beringi ikazunguka, akatabasamu kama mtoto.

"Mzee," aliniambia, "pete hii haikugundishwa kwa gundi. Imebanwa." Akanieleza kwa mfano wa kazi yake mwenyewe. Lile gurudumu zito la nyuma ya injini huvikwa pete yenye meno ya stata. Pete huchomwa moto ikatanuka, ikavishwa, na ikipoa hujikaza isitoke tena. Hapa, chuma kikiwa ndani ya ukingo wa alumini, alumini ndiyo itapashwa moto itanuke, pete itumbukizwe, kisha alumini ipoe na kuikumbatia.

Nikamuuliza kama alumini ya sufuria itafaa. Akatikisa kichwa. Ya kuyeyusha kwenye mchanga huwa na vishimo vya hewa ndani, na kila kishimo ni uzito uliopungua upande mmoja. Sufuria haijali, lakini kitu kinachozunguka kasi kinajali. Inatakiwa fimbo nzima ya alumini, ikerezwe pole pole, na kila upande uwe pacha wa mwenziwe.

Juu ya bei alikuwa mkweli. Kutengeneza moja tu ni kazi ya siku nzima au zaidi, pamoja na kuandaa vifaa, na itakuwa ghali kuliko ya kuagiza ng'ambo. "Lakini ukiniletea watu hamsini," alisema, "hapo tutazungumza lugha nyingine, kwa sababu nikishapata kipimo cha kwanza, cha pili ni kufuata." Sina watu hamsini. Lakini nililiandika neno lile, nami nalitoa hapa gazetini. Vyuo vyetu vya ufundi huwapa wanafunzi kazi za majaribio ambazo zikimalizika hutupwa kwenye pipa la vyuma. Kwa nini kazi ya jaribio isiwe yoyo? Mwanafunzi akikosea kipimo, hahitaji mwalimu kumwambia. Airushe tu, ukucha wake utampa alama.

UZI NA MATUNZO

Aliyekwisha kununua asidhani gharama imekwisha. Uzi ndio unaokula fedha kidogo kidogo, maana huchakaa, na mchezaji wa kila siku huubadilisha mara kwa mara. Urefu wake uanzie sakafuni hadi kitovuni kwa mwenye kucheza. Uzi wa poliesta hudumu kuliko wa pamba, na anayejua kusokota aweza kuutengeneza mwenyewe. Achukue uzi wa poliesta wa cherehani, akunje nyuzi kadhaa pamoja, azisokote, kisha azikunje mara mbili zijisokote kinyume, mwishoni pabaki kitanzi. Buruda moja kutoka kwa fundi wa nguo itatoa nyuzi nyingi.

Beringi ikianza kupiga kelele isizamishwe kwenye grisi. Ioshwe, ikaushwe, itiwe tone moja tu la mafuta mepesi ya cherehani. Mafuta mengi huishika yoyo kama tope lishikavyo gurudumu. Kabla ya kurusha tazama nyuma na mbele, kwa sababu gramu 65 zenye ukingo wa chuma zikikutana na meno ya mtoto wa jirani, mchezo umekuwa kesi. Wala usicheze juu ya saruji iliyo wazi siku za kwanza. Majani ya uwanjani ni rafiki.

Kwa kifupi, mwenye mfuko mdogo asione haya kuuliza, kugusa na kukataa. Rangi haizunguki, jina halilali, wala kisanduku hakiushiki uzi. Kinachozunguka ni uzito uliowekwa mahali pake, juu ya beringi safi, na pete iliyokaa isionyeshe mshono. Muuzaji akikuzuia kupitisha ukucha wako, mshukuru, urudishe fedha zako mfukoni, uende kwa mwingine. Vizuri vyajiuza, vibaya vyajitembeza.